Sidii Mbili za Faza

Chumvi ya hewa yetu hapa Amu, kisiwani Lamu, hula kila kitu, na katika kompyuta huanza na diski ya ndani. Najua kwa kuwa nilikuwa fundi wa redio. Shule niliiacha darasa la tatu, kompyuta nimejifunza kwa kuzifungua. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa madrasa ya wasichana kule Faza, na kompyuta zake mbili zote zilikufa diski. Mkuu wake alishamwambia: zisipowaka Jumatatu, chumba kitageuzwa ghala la saruji.

Dawa niliijua. Kuna sidii, yaani CD, yenye Linux nzima, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ukiitia, kompyuta huamka bila diski. Lakini yeye alitaka iwe na herufi za Kiarabu, na ya namna hiyo sharti uiunde mwenyewe. Nikaunda, nikaichoma, yaani nikaiandika kwenye sidii, ikawaka vizuri, Kiarabu hakuna. Nikarudia. Hakuna. Sidii tupu nilikuwa nazo kumi. Nane zikaishia kuning'inia shambani kwa shemeji yangu kufukuza ndege, na ndege wenyewe, niseme kweli, walizizoea siku ya pili. Zikabaki mbili, na kompyuta ni mbili.

Jumamosi baada ya alasiri mke wangu akaja kuketi kando yangu na madaftari yake ya kusahihisha.

"Bwana, hizo herufi waziweka wapi?"

"Humu kwenye kompyuta."

"Ipi? Hii yako?"

"Kwani kuna nyengine?"

"Ndipo yako ina Kiarabu na yangu haina! Wewe wapamba daka, na bibi harusi yuko ndani."

Daka ni ukumbi wa mlangoni, hapo wageni huketi. Alisema kweli. Linux ya sidii nilikuwa nimeifungua kwenye folda yake, kisha badala ya kuingia mle nikapamba kompyuta yangu mwenyewe, mara nane.

Nikatoa amri ya kuingia. Nikaagiza herufi, ikakataa: mtandao hauonekani. Nusu saa nikaitukana modemu, maskini, haina kosa. Kumbe ukiwa mle huoni cha nje. Hata faili ndogo inayoonyesha ndia ya mtandao sharti uinakili, uingie nayo.

Nikachoma ya tisa. Ikawaka. Akaandika Bismillahi, herufi zikatoka kulia kwenda kushoto, zimeshikana kama ipasavyo. Akanipiga bega kwa daftari. "Haya, chomoa, choma ya pili kabla hujaharibu!"

Jumapili akapanda boti kwenda Faza na sidii zote mbili. Jumatatu adhuhuri simu ikalia.

"Zimewaka zote mbili! Mkuu amesimama mlangoni, azitazama."

Kisha akasahau kuikata. Nikawasikia wasichana wakigombea kiti, na yeye akiwakemea kwa sauti ambayo nyumbani hakuwahi kunitolea. Wateja walikuja na redio zao, nikawaashiria wangoje. Nilibaki na simu sikioni mpaka betri ikazimika.