Jua Kwenye Ungo wa Bibi

Juzi nilipanda milima ya Matogoro kufunga nyumba ya bibi, na ukutani nikaikuta ile picha ya jua. Imepauka. Duara jeupe lenye madoa madogo meusi. Niliitazama sana, rafiki yangu, nikiwaza kile ambacho hakimo.

Nilipokuwa nikiishi na bibi, jirani yetu alikuwa mwalimu, mgeni kutoka mkoa mwingine, na alikuwa na darubini aliyoiunda kwa bomba la plastiki. Asubuhi za kiangazi, ukungu ukishatoka milimani, aliileta uani kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja tena kulisumbua jua?"

Alitukataza kabisa kuchungulia, macho yangeungua. Alilielekeza jua lipite kwenye darubini liangukie karatasi nyeupe, na karatasi aliilaza kwenye ungo wa bibi. Jua halikutulia. Liliteleza pembeni, naye akalifuata kwa kusogeza bomba kidogo kidogo, simu mkononi, tayari kupiga picha.

Siku hiyo bibi alikuwa akichambua maharage, uji wa ulezi ukichemka jikoni. Akainama juu ya ungo wake, akayaona yale madoa.

"Kumbe na hili lina wadudu!" akasema, akapeleka kidole kuyatoa.

Simu ikalia kacha! papo hapo. Picha ikatoka na mkono wa bibi juu ya jua, kile kidole chake kilichopinda, na vumbi la maharage kwenye kucha.

"Bibi, umeniharibia!" Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

"Si ufute hiyo mbovu? Mimi na picha wapi na wapi."

Ni kweli. Hata siku ya kipaimara changu, mpiga picha alipofika, bibi alijifungia jikoni. Mwalimu akafuta, tukacheka sote. Akapiga nyingine, safi, akaenda kuisafisha mjini na kutuletea zawadi. Baadaye akapata uhamisho, akaondoka na darubini yake.

Mwezi uliopita tulimzika bibi. Msibani waliomba picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Tulipekua nyumba nzima, mpaka chini ya godoro. Hatukupata hata moja.

Ungo bado upo, umetoboka upande mmoja. Kabla ya kufunga mlango nililaza ile picha ndani yake, nikaweka kidole changu juu ya doa, pale alipoweka yeye. Nikakitazama. Kimenyooka mno.