Dada Yangu na Lori la Majani Chai

Juzi nilitazama kwenye simu habari za chombo kilichowekwa kwenye sayari ya Mirihi. Kinahisi mitetemo ya ardhi, na kwa mitetemo hiyo wataalamu wamejua jinsi mawe ya huko yalivyopangwa chini ya vumbi. Nikamkumbuka dada yangu Chebet, na alasiri moja kule Kiptere.

Chebet alikuwa hasikii tangu azaliwe. Siku hiyo tuliketi chini na Mama kwenye kituo cha kupimia majani, katikati ya magunia yaliyonukia ubichi wa chai na udongo uliolowa. Lori la kuchukua majani lilikuwa limechelewa. Ghafla Chebet akaweka viganja chini, kisha akatuonyesha barabara kwa kidevu. Mimi sikusikia kitu. Baada ya muda, lori likanguruma kule darajani.

"Mama, Chebet anasikia!" nikapiga kelele. "Ametudanganya miaka hii yote!"

Watu wakageuka kumtazama. Chebet hakujua nilichosema, lakini aliziona nyuso zao, akainamisha kichwa.

Mama hakunigombeza. "Lala chini," akaniambia. "Ziba masikio."

Nikalala kifudifudi kwenye nyasi, vidole masikioni, macho nimeyafumba. Lori lilipokaribia, ardhi ikaanza kutetemeka chini ya tumbo langu, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Nilipofungua macho, Chebet alikuwa amelala kando yangu, akicheka. Niliona haya sana. Nikatafuta mkono wake kwenye nyasi, naye akaniacha niushike.