Kamba Iliyovuta Trekta

Kijana anayetukatia miti hapa Chiola hapandi kabla ya kuipitisha kamba yake yote kati ya vidole, taratibu, macho ameyafumba. Kidole gumba kikihisi kitu, anarudi nyuma na kupapasa upya. Kisha anagonga kila pete ya chuma ya mkanda wake kwa ukucha na kuisikiliza. Watu humcheka: "Fundi, unapanda mti au unaoa?" Yeye huendelea kugonga.

Siku ya Jumanne alikuwa amekata nusu ya msufi ulioinamia nyumba ya Mzee Masoudi, akashuka kwenda kula. Aliporudi, kamba ilikuwa imelowa. Mzee alikuwa ameivutia trekta lake lililonasa kwenye tope, kisha akaiosha na kuikunja vizuri.

"Nimekufulia kabisa, mwanangu."

Kijana akafumba macho, akaipapasa yote. Vidole havikukwama popote, na hapo ndipo alipoiweka chini.

"Mzee, hii imeumia ndani. Kwa nje haisemi."

"Imevuta trekta, ishindwe na wewe mwembamba hivyo?"

Kijana alichukua msumeno, akaikata kamba vipande vifupi vya kufungia mbuzi, asije mtu mwingine akapanda nayo, akavipanga mlangoni kwa mzee kimoja kimoja. Akavua mkanda, akauweka begani. Juu yetu nusu ya msufi bado iliinamia bati.

"Sasa mti wangu nani atanimalizia?" mzee akauliza.

"Trekta," akasema, akaondoka.