Mama Mkwe juu ya Pampu

Gari yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu wa Chukwani aliyekuwa anahamia Bara. Ilikuwa gari ndogo ya zamani, rangi imepauka, ila kiti cha nyuma kilikuwa kizuri kuliko makochi ya nyumbani kwangu. Kwa muda mrefu haikunisumbua. Kisha ikaanza tabia mpya: ikipata joto, inazima njiani. Ukizungusha ufunguo stata inalia, taa zote zinawaka, lakini injini haikubali moto. Ukiiacha ipoe, inawaka kama vile haikukufanyia lolote.

Fundi wangu, mtu mnene asiyependa kuinama, aliweka sikio juu ya kiti cha nyuma akaniambia nifungue swichi.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Sisikii kitu."

"Basi ndo maradhi yenyewe. Pampu ya mafuta inatakiwa ivume kidogo. Hii imenyamaza."

Akanieleza kuwa pampu imo ndani ya tangi, na tangi liko chini ya kiti kile. Mota yake imechoka, ikipata moto inakwama. Mpya ataiagiza Dar es Salaam. Kwa sasa, ikigoma, niinue kiti nigonge kifuniko cha tangi kwa kipande cha mti. "Usigonge kwa hasira," akasema. "Gonga kama unamwamsha mtu ale daku."

Nikachukua mchi wa kutwangia kitunguu thomu jikoni kwetu nikauweka chini ya kiti changu, na mambo yakaenda. Wiki hiyo hiyo ikaingia harusi ya Kizimkazi. Mke wangu alitangulia kusaidia mapishi, akaniachia kazi moja tu: kumpeleka mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa akikaa Malindi. Ni mwanamke wa mwili, mnyamavu, na tangu nimuoe bintiye maneno yetu yalikuwa salamu na hali ya hewa. Asubuhi ile nikamsalimu shikamoo, akaniitikia marahaba, akaingia nyuma. Mbele kwa mkwe asingekaa. Akakaa upande wa kulia, juu kabisa ya pampu, deli la bati lililojaa visheti mapajani.

Tulipita Darajani salama, Mnazi Mmoja salama. Kufika Tunguu, gari ikakohoa, ikazima.

Nikakaa na usukani wangu nikifikiri. Mtu anamwambiaje mama mkwe anyanyuke ili apate kugonga pale alipokuwa amekaa?

"Mama," nikasema, "labda ushuke kidogo upunge upepo."

"Upepo nnaupata hapa hapa."

"Pale pana kivuli kizuri."

"Nshakiona."

Basi nikafungua boneti, nikatazama injini isiyo na kosa lolote, nikaipangusa vumbi kwa leso mpaka ikapoa. Ikawaka.

Mara ya pili ilikuwa Jozani, kwenye matuta ya kulinda kima. Jua lilikuwa kali, na kungoja ipoe kungetufikisha baada ya pilau. Nikaamua kusema kweli.

"Mama, samahani. Hapo chini pana mashine ya kuvuta mafuta. Imekwama, inataka kugongwa."

Akafikiri. "Kwa hivyo nimeikalia."

"Hapana, Mama, hujaikalia hasa. Iko chini zaidi."

"Chini yangu."

"Naam."

"Inagongwa na nini?"

Nikautoa mchi. Akautazama, akaupokea, akaugeuza.

"Mchi huu nilimpa mwanangu alipoolewa."

"Naam, Mama."

"Nawe unagongea gari."

"Tunautumia kwa zamu," nikasema, na mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile.

Akauweka kando yake, na nikajua sitaupata tena. Nikamfungulia mlango. Akatazama nje. Kima punju wawili walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara wakilitazama deli la visheti.

"Sishuki," akasema. "Magoti yananiuma, na hawa siwaamini. Nenda katie moto."

Nikarudi kwenye usukani. Nyuma yangu nikasikia "Bismillahi," kisha kiti kikalia. Alikuwa amejinyanyua na kujiachia. Gari nzima ikashuka, ikapanda. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka.

Nilikigeuza kioo cha ndani kitazame paa, kwa heshima.

Kuanzia hapo tukaelewana. Ikikohoa, nasema, "Mama, tafadhali," naye anajiachia. Baada ya Kitogani hakungoja tena kuambiwa. Alishajua sauti ya gari kabla haijazima, na mara nyingine aliiwahi hata haijapunguza mwendo. Muyuni tulipita hivyo, tukiruka ruka, visheti vikigonga deli, watu wa barazani wakitutazama.

Ikazima kwa mara ya mwisho mbele ya nyumba ya harusi. Kina mama walitoka kutupokea kwa vigelegele, vigelegele vikakatika kimoja kimoja walipomuona mtu mzima anadunda ndani ya gari iliyosimama.

Mke wangu akanijia dirishani. "Mama ana nini?"

"Anatia gari moto."

"Mshafika," akasema. "Ya nini tena?"

Mama mkwe akatulia. Akashuka, akanyoosha buibui, akamkabidhi bintiye deli, na juu ya deli akaweka mchi. Kisha akaingia ndani. Mchana, nikila ukumbini na wanaume, nilisikia vicheko vya wanawake uani, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikisimulia.

Pampu mpya ilifika baadaye, fundi akaitia, sina mengi ya kusema juu yake. Ninayoikumbuka ni safari ya kurudi usiku ule. Kwa ubaridi wa usiku gari haikupata joto, haikuzima hata mara moja, mke wangu alilala kabla ya Muyuni, na mama mkwe akaanza kuzungumza. Akaniambia kuwa marehemu mumewe alikuwa na vespa isiyowaka bila kusukumwa, na msukumaji alikuwa yeye, kila asubuhi, kwenye kichochoro chao, buibui kalifunga kiunoni. Ikiwaka, anakimbia anaidandia.

"Hukuwahi kuachwa, Mama?"

"Mara moja," akasema. "Siku hiyo tuligombana."

Nikamuuliza walikuwa wamegombania nini, akanisimulia mpaka tukaingia mjini.