Fundi Godelieve na kompyuta iliyokataa kumaliza mechi

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Godelieve Asende ameketi kwenye kigoda katika chumba cha kupanga hapa Baraka, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, kiganja chake cha kulia kimelala ubavuni mwa kompyuta kubwa nyeusi. Hafungui skrubu wala hagusi waya. Anasubiri, kama mama anayempima mtoto homa.

"Mi sifungui mashini mbele ya kuisikia," anasema. "Baba yangu alikuwa vile na bamoteri ya mitumbwi kule Kazimia. Mukono kwanza, clé ya kufungulia nyuma."

Kwa miaka kumi na mmoja Godelieve, mwenye umri wa miaka 36, amekuwa akitengeneza redio, simu na kompyuta katika kibanda chake cha mbao sokoni. Kwenda kwa mteja nyumbani si kawaida yake. Lakini mwaka huu wa 2022 kompyuta hii imempeleka puta kuliko kazi yoyote aliyowahi kuishika.

Ni mashine ya michezo, umri wake umepita miaka kumi, na feni yake moja imekwisha kufa. Ilikuwa ya kijana aitwaye Shimwa, aliyekuwa na chumba cha michezo kijijini Bibokoboko, huko milimani. Vijana walikuja kwake kucheza mpira wa kwenye kioo cha kompyuta, jenereta likinguruma nje. Shimwa alikuwa na mdomo kweli! Alirekodi kila mechi huku akiitangaza kama mtangazaji wa redio.

Mwaka jana vita vilipofika kijijini, Shimwa alipigwa risasi njiani akihamisha ng'ombe. Mama yake, Mukantwari, mwenye umri wa miaka 61, aliteremka Baraka na kompyuta ya mwanawe imefungwa mgongoni mwa mpwa wake, Rukunda. Ng'ombe hakuteremka hata mmoja.

Kila Jumapili akitoka kanisani, mama huyo huwasha kompyuta kwa betri ya sola ya mwenye nyumba. Anafungua mechi ya mwisho aliyoirekodi Shimwa, ya dakika kumi na nne, na kusikiliza. Ikifika dakika ya kumi au kumi na mbili, kompyuta inajizima na kujiwasha upya yenyewe. Kwa mwaka mzima hajawahi kufika mwisho.

"Nasikiaka mwanzo tu," anasema Mukantwari. "Anacheka, anaita majina ya benzake, halafu pu! Ni kama banamuua tena."

Rukunda ameileta kompyuta kibandani mara tatu. Mara ya kwanza Godelieve alilaumu umeme, akamwambia mama atafute betri nyingine. Betri ikapatikana kwa taabu, ugonjwa ukabaki palepale. Mara ya pili alibadilisha kijiti cha kumbukumbu, yaani RAM, na kusafisha miguu yake kwa kifutio cha shule. Mara ya tatu aliiacha iwake kutwa nzima, mechi ikirudia na kurudia, na haikuzima hata mara moja. Akairudisha kwa kujigamba. Jumapili ikazima.

Sokoni inapona, nyumbani inaugua. Kwa mji kama huu, maneno hayakukawia. Godelieve ni Mubembe, Mukantwari ni Munyamulenge, makabila yanayopigana huko milimani, na tangu vita vianze kuna watu wasiohitaji ushahidi mwingine. Rukunda alimwambia fundi usoni kwamba anaiharibu kwa makusudi. Wateja wawili wa Godelieve nao walimuuliza kwa nini anahangaika na "bale batu."

"Nilisikia bubaya sana," anakiri. "Siku mbili nilikataa hata kuiwaza. Halafu nikasema, hapana. Mashini haijue kabila. Kama inaugua kule, muganga aende kule."

Ndiyo maana leo yuko kwenye kigoda. Rukunda amesimama mlangoni, mikono kifuani, hata salamu aliitikia kwa shingo upande. Mukantwari anaondoa kitambaa kilichofunika kioo, anakikunja taratibu, kisha anabonyeza kitufe.

Kasha lenyewe halivuliwi nguo. Limevikwa kitambaa kizito cheupe kilichofumwa kwa mkono, maua ya buluu pembeni, kikashuka mbele na nyuma na kubanwa kwa pini ili kisiteleze. Katika nyumba hii kila kitu kina vazi lake: viti, redio, hata kibuyu cha maziwa ambacho siku hizi hakina maziwa.

Godelieve anapenyeza mkono chini ya kitambaa. Sauti ya Shimwa inajaa chumbani. Dakika ya tano kasha lina uvuguvugu, dakika ya tisa Godelieve anabadilisha mkono. Dakika ya kumi na moja anauondoa haraka na kuupuliza, na papo hapo kioo kinakuwa cheusi.

"Mama," anauliza polepole, "hii nguo, ikija kwangu soko, inabakia wapi?"

"Inabakia hapa. Ni ya nyumba, haiko ya njia," anajibu Mukantwari. "Nilimufumia mwanangu. Kitu ya muntu ya heshima haikae buchi."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii walisema kweli neno kwa neno. Matundu yote ya kupumulia yalikuwa yamezibwa. Mashine ilipata joto mpaka ikajizima ili isiungue.

Mukantwari anaelewa kabla hajaelezwa. Anafunika uso kwa viganja. "Basi ni mimi."

"Hapana, mama. Hata mi nilikosa, nilikutuma kutafuta betri bure," Godelieve anamwambia. "Ni buzee, ni vumbi, na ni mapendo. Mapendo nayo inaletaka joto."

Rukunda ndiye anayecheka kwanza. Kisha anashusha mikono, anasogea, anashika tochi.

Godelieve anafungua kasha. Anapangusa vumbi kwa brashi, anapaka dawa mpya ya kupoza kwenye moyo wa mashine, na kufungua matundu yote. Kitambaa hakitupi. Anakikunja mara mbili na kukitandika chini ya kasha, maua yakionekana mbele. Kisha anawasha.

Dakika ya kumi na mbili inapita. Ya kumi na tatu. Shimwa anapiga kelele za bao la ushindi, anacheka mpaka anakohoa. Halafu, mbali nyuma yake, mwanamke anamwita kwa ukali aje kula, maziwa yanapoa.

"Ndaje, mama!" anaitika Shimwa. Naja, mama. Rekodi inakwisha.

Mukantwari analia, tena analia akitabasamu.

"Huyu ni miye," anasema. "Nakumbuka namna nilimugombeza. Nilisahau kama aliitika."

Godelieve naye anafuta macho. Mwaka 1996, akiwa na miaka kumi, alivuka ziwa kukimbilia kambi ya wakimbizi Tanzania, na familia yake haikubeba hata picha moja ya mama yake, ambaye hakuvuka nao. Huko kambini ndiko alikojifunza ufundi wa kompyuta.

Sasa anatafuta kadi tatu za kumbukumbu za kunakilia sauti ya Shimwa: moja ya Mukantwari, moja ya Rukunda, na moja atakayoifungia kwenye droo yake sokoni. Ana mpango pia wa kutenga siku moja kila juma kuwanakilia watu sauti na picha walizokimbia nazo, wawe wa milimani au wa ziwani.

"Hii mashini itakufa, iko muzee," anasema akikusanya bisibisi zake. "Lakini huyu mutoto, kila mama yake akimuita, ataitika."