Maua ya Papa Syauswa

Mwaka 2001, katika soko la Butembo, hakuna mtu aliyesikiliza muziki kwa uroho kama Edmond Syauswa, fundi redio ambaye wote walimwita Papa, yaani Baba. Watu walimletea redio zilizonyamaza, akazifufua, lakini kuzijaribu hakukwisha. Mwenye redio alifika asubuhi akaambiwa bado kidogo. Akirudi alasiri anamkuta fundi ameweka sikio kwenye spika, anacheka peke yake.

Alikuwa akitafuta maua. Ndivyo alivyoyaita: pale sauti inapokataa kwenda moja kwa moja, inapanda, inajikunja, inazunguka, kisha inarudi mahali pake na kujifanya haikwenda popote. Aliyakuta kwenye gitaa la rumba ya Kinshasa, kwenye taarabu ya pwani iliyokuja ikikwaruza kwa mawimbi mafupi, kwenye kinanda cha kanisa cha Wazungu wa kale, na kwenye enzenze, zeze la babu zake Wanande. Kaseti zake hakuzipanga kwa dini wala kwa dansi. Katika boksi moja sala ililala na ndombolo, na mkewe Séphora alilifunika kwa kitenge kila padri alipokuja kuwatembelea.

Vita vilikuwepo, ndiyo. Barabara ya kwenda mji wa Beni ilikuwa na vizuizi, leo vya waasi hawa, kesho vya waasi wale. Lakini Butembo ni Butembo: watu walilima, walichuuza, na Jumapili walijaa kanisani. Na huko kanisani ndiko ilikokuwa shida ya Syauswa.

Aliongoza kwaya ya parokia yake kwa miaka kumi na mmoja, na kila mwaka alizidisha maua. "Aleluya" yake ilifikia kuchukua muda wa kuivisha maharagwe. Wazee wa baraza la parokia walimwonya, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Mwishowe wakamwambia wazi: Pentekoste hii ndiyo kipimo. Waumini wakishindwa tena kuitikia, kwaya atapewa Ézéchias, mwalimu aliyekimbia vita kutoka Kayna, mtu mnyoofu aliyependa nyimbo nyoofu.

"Bakininyanganya kwaya, nitafanya nini mi?" Syauswa alimuuliza mkewe.

"Utatengeneza redio za batu," Séphora akajibu. "Kuko benye banangoja tangu Noeli."

Alicheka, lakini moyo ulimuuma kwelikweli. Kwenye kwaya tu ndiko maua yalitoka vinywani mwa watu anaowajua, wala si kwenye spika.

Mwimbishaji wake bora, Kavira, alikuwa amemfuata mumewe Beni. Syauswa akarekodi wimbo wa Pentekoste kwenye kaseti, mtupu, bila ua hata moja, ili Kavira atie maua mwenyewe na kuirudisha, kwaya ijifunze kwake. Kaseti akampa Djuma, dereva wa lori, Mwislamu wa Beni.

"Umupatie Kavira, ule mwenye kujua kuimba sana."

"Kavira wa kuimba? Nani hamujue, Papa!" Djuma akasema, akawasha gari.

Kuuliza si ujinga, lakini siku ile hakuna aliyeuliza. Kwa Wanande msichana wa pili huitwa Kavira, awe Mkatoliki, awe Mwislamu. Rusha jiwe Beni, utampiga Kavira, na atakayekuja kumpa pole ni Kavira vilevile. Kwa Djuma, Kavira wa kuimba alikuwa mmoja tu: mama yake mdogo, aliyeimba kasida kwenye maulidi na arusi zote za mjini.

Baada ya juma moja kaseti ilirudi. Syauswa aliitia kwenye redio ya mteja, akapigwa na butwaa. Hiyo haikuwa sauti ya Kavira wake. Ilikuwa sauti nzito ya mama aliyekwisha kulea watoto, na haikutamka maneno, ilivuma tu. Ilikwenda nyoofu mstari mzima, hata akadhani mama huyo amechoka. Halafu, pale ambapo wimbo humwambia Roho Mtakatifu "uje", ikachanua: ikapanda, ikatetemeka, ikazunguka mara tatu, ikashuka taratibu. Kisha ikawa nyoofu tena mpaka mwisho.

Aliirudia mara nane. Mara ya tisa akalia bila aibu. Kesho yake akapanda lori la Djuma.

"Mais Papa, weye njo ulisema Kavira wa kuimba," Djuma alijitetea njia nzima.

"Nyamaza, mutoto wangu. Mungu akukoseshe tena vile."

Kwenye kizuizi askari alimuuliza anakwenda Beni kufanya nini. "Kutafuta maua," akajibu. Askari akapekua mfuko, akakuta kaseti tu, akamruhusu kwa huruma kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

Mama Kavira, huyo mama mdogo wa Djuma, alikuwa uani akichambua mchele. Aliposikia kosa lenyewe alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Donc haikukuwa ya mi! Mi nikasema, hawa Bakatoliki banapenda sauti yangu, haina mubaya. Nibapatie sauti, maneno babakie nayo."

Syauswa akampigia kaseti ya "Aleluya" yake kwenye redio ya pale nyumbani. Mama Kavira aliisikiliza yote, kwa adabu, na mchele ukaisha kuchambuliwa.

"Iko muzuri, Papa Syauswa. Mais batu batapumua wapi? Benye kupika banatia chumvi ndani ya mboga ya sombe. Weye unatia sombe ndani ya chumvi."

Hakuna mzee wa baraza aliyewahi kumchapa hivyo, na hakukasirika hata kidogo. Akauliza kama maua yale aliyapata madrasa.

"Hapana. Ni ya mama ya mama yangu, kule Mbau. Hakukuwa Muislamu. Ni wakati ya kulima maharagwe: anaita benzake ba ngambo ya shamba, nabo banamuitikia."

Banamuitikia! Syauswa alirudi Butembo akilirudia neno hilo, akaifundisha kwaya wimbo ule wenye ua moja tu, na usiku wa Jumamosi hakupata usingizi kwa hofu.

Siku ya Pentekoste kwaya iliimba nyoofu, na kwenye benchi la mbele Ézéchias aliafiki kwa kichwa, ameridhika. Walipofika kwenye "uje", mwimbishaji mpya, Kavuo, aliachia ua lile moja. Kanisa likanyamaza. Syauswa akageuka kuwatazama waumini.

Ndipo upande wa akina mama sauti ya kizee ikaitikia, ua kwa ua. Ikafuata ya pili, ya tatu, halafu upande mzima, akina mama waliopalilia maharagwe tangu utoto na ambao hakuna aliyewafundisha wimbo ule. Padri alisubiri mikono juu, akitabasamu.

Baada ya misa Syauswa alisimama uani na daftari la kwaya kwapani, akingoja wazee. Ézéchias aliwatangulia, akamshika mkono.

"Ule wa kwanza kuitikia ni mama yangu," akasema. "Hakuimbaka tangu tulikimbia Kayna. Papa Syauswa, uniandike ndani ya kwaya yako, kwa batenori."