Maji ya Betri

Juzi kwenye kituo cha petroli nilimwona kijana akimimina asidi kwenye betri ya gari. Harufu ile ya kukwaruza koo ikanipandisha hasira.

Nilikuwa mtoto, kule Kawangware, katika mtaa uitwao Kongo. Mzee Njoroge alichaji betri karibu na mfereji wetu wa kuchotea maji. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, nikakaa kwenye benchi lake na sketi yangu ya shule. Betri zilitokota polepole kando yangu. Benchi lilikuwa limelowa.

"Ni nini hii?" nikamuuliza.

"Ni maji tu ya betri."

Nikaamini yatakauka. Sikujua kwamba maji hukauka, asidi hubaki na kuzidi makali. Jioni Mama alipofua, sketi ilitoboka mikononi mwake.

"Umecheza na moto," akasema.

Nilikana, nikamtaja Mzee Njoroge. Akanikokota hadi kwake. Mzee aliitazama sketi, kisha akanitazama mimi.

"Mama Wanja, hawa watoto hucheza na makaa."

Mama alinichapa palepale, mbele ya watu wa foleni, kwa kumsingizia mtu mzima. Nililia nikiwa nimeinamia magoti ya yule mzee. Suruali yake ilikuwa imejaa matundu kama sketi yangu.